Mbao za Maiti, Mbao za Chefu

Nimetembea tangu Bweremana mpaka ndani ya pori la Walikale, nimelala kwa watu wabaya na kwa watu wazuri, lakini mtu mdogo kama Floribert sijamwona kwingine. Mdogo wa roho, nasema. Mwili alikuwa nao, tena tumbo lilikuwa linamtangulia kuingia nyumbani.

Alikuwa seremala katika kijiji kimoja juu ya Kalembe. Jina la kijiji naliacha, watu wake wana haya ya kutosha. Mvua ilikuwa imekata barabara, njo sababu nilikaa majira mazima katika kibanda kando ya atelie yake ya kuchongea mbao. Alitaka tumwite Maître, yaani fundi mkuu. Maître wa nini? Mlango wa kanisa aliutengeneza yeye, na ulikuwa unafungwa kwa kamba ya mgomba kwa sababu haukufika kwenye fremu. Siku ulipowekwa, Mama Colette alicheka mbele ya waumini wote: “Maître, huu mulango umesahau nyumba yake!” Kijiji kizima kikacheka. Floribert hakusahau.

Huyo Mama Colette ni mjane, anakaanga mandazi kando ya barabara kila asubuhi. Mandazi inataka moto mkali, na moto mkali unataka kuni kavu. Wakati ule wa mvua, kuni kavu zilikuwa mahali pawili tu: kule juu chini ya miti mikubwa ya pori, ao nyuma ya atelie ya Floribert. Porini kulikuwa na watu wa bunduki. Wanawake waliotoka kuokota kuni huko walirudi bila kusema neno, na hakuna aliyewauliza. Colette mguu wake unavimba, hapandi mlima. Angekosa vipande vya mbao na kila kitu kingine cha kuwasha, angemtuma binti yake Nicole. Kila mtu alijua hilo. Floribert pia alijua.

Kila asubuhi nilimsikia mama akija na beseni yake.

“Maître, jambo. Unisaidiye na bipande bya mbao.”

“Mama Colette, miye nilishakwambia. Ile yote iko mbao ya sanduku. Mbao ya maiti haiingiake mu jiko ya bazima. Ao unataka kukaangia batu mandazi ya kifo?”

Katika kijiji kile, sanduku la kuzikia mtu likimalizika, vipande vinavyobaki havipikiwi chakula. Vinatupwa bondeni vioze. Wote wanashika hivyo, hata wale wanaosimama kanisani kusema hawashiki. Basi Colette aligeuka na beseni tupu, akakaangia majani makavu ya mgomba na moshi, na mandazi yake ikatoka mbichi ndani.

Lakini mimi nililala pale, macho ninayo. Vitanda, niliona. Vigoda, madirisha, niliona. Sanduku aliunda moja tu majira yale yote, la mzee mmoja mwembamba ambaye hata mbao hakumaliza. Na kila Jumamosi nilimwona Maître anafunga vipande vyake vizuri, anavipanga juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao, anasukuma mpaka jikoni kwa chefu Jean-Luc, mkubwa wa kijiji. Shule ilikuwa inatafuta mtu wa kuitengenezea milango na mabanki mapya ya kukalia wanafunzi, na neno la mwisho katika komite lilikuwa la chefu.

Nilimwuliza siku moja. “Maître, hiyo maiti inaogopaka chefu? Mbona kwake haifike?”

“Papa muzee,” akasema bila kuinua kichwa kwenye randa, “weye uko mupita-njia. Pita.”

Siku ya kutangaza nani amepata kazi ya shule, chefu alichinja mbuzi akaita komite uani kwake. Mama Colette aliitwa kukaanga mandazi, maana kwa chefu moto ulikuwepo. Floribert alivaa koti. Mimi sikualikwa, harufu ilinialika.

Tumeanza kula vizuri, Mama Francine, mke wa chefu, akatoka kujisifu. “Muone namna nyama imeiva! Iko kuni ya Maître Floribert, kavu kama mufupa.”

Papa Damascène wa komite alikuwa na mdomo umejaa. Yeye ni jirani wa Floribert, amesikia maneno ya asubuhi kupitia ukuta wa mianzi, na yeye mwenyewe alishanyimwa vile vile. Akatema nyama mkononi.

“Ya Floribert? Ile ya sanduku?”

Mikono yote ikasimama. Francine akaruka mbali na chungu chake kama chungu kimemwita jina. Katekista, aliyehubiri Jumapili ile ile kwamba maiti hana nguvu juu ya Mkristo, alikuwa wa kwanza kuosha vidole. Watu wazima hao! Nilivuta sahani ya Damascène karibu, nikaendelea.

“Floribert!” chefu akapaza sauti. “Ujibu hapa, mbele ya batu. Umenikulisha na mbao ya maiti?”

Floribert akamwangalia chefu. Akaangalia mlango wa jiko, Colette amesimama pale na kijiko cha kukaangia. Akisema ni mbao za milango, kazi ya shule anaipata, lakini Colette anasikia. Akisema ni za maiti, kazi inaanguka, lakini Colette anabaki na beseni tupu.

Na alifikiri. Njo hapo nilimzarau mpaka chini kabisa. Mtu anaweka kazi ya mwaka mzima upande mmoja, na upande mwingine kicheko kimoja cha mjane, na anaona vigumu kuchagua.

“Haiko ya maiti, chefu,” akasema mwishowe. “Iko ya milango. Ya bitanda.”

“Yote?”

“Yote. Naapa.”

“Na ile unakatalaka Mama Colette?” Damascène akauliza.

Floribert akasugua koti lake. “Njo ile ile.”

Unafikiri waliona haya? Walicheka, wakarudi kwenye nyama. Chefu akasema kazi ni ya Floribert, maana alikuwa mvivu wa kutafuta mwingine. Hakuna hata mmoja aliyemwambia Colette pole.

Yeye aliweka kijiko chini, akachukua beseni, akaenda kwenye rundo la kuni la chefu, akaanza kujaza.

“Mama Colette! Unabeba kuni yangu?” Francine akalia.

“Leo nabeba ya kwako, mama chefu. Kesho nitakuya kubeba kwa mwenyewe.”

Wageni walikuwa wanatazama. Chefu akacheka kwa nguvu, kama vile ruhusa ametoa yeye.

Toka siku ile Nicole anaingia atelie asubuhi, siyo porini. Floribert hawezi kukataa, Damascène anapiga kelele kutoka ukutani: “Maître, leo nani amekufa?” Basi akatafuta njia nyingine. Yeye aliyekuwa anakata kwa jicho na kutupa nusu ya ubao, alianza kupima. Anapima, anarudia, anapima tena, ili kisibaki kitu cha kumpa Colette. Milango ya shule inafunga, na wazazi wanamsifu. Wajinga.

Lakini mabanki ni mengi, ncha za mbao zinaanguka tu, na maranda pia. Beseni inajaa.

Barabara ilipofunguka nilibeba mfuko wangu kuelekea Walikale. Nicole alikuwa anatoka na beseni kichwani, kipande kimoja kikamdondoka, urefu wa kidole. Floribert aliinama na tumbo lake lile, akakiokota, akakitia mfukoni.