Watoto wa Kompyuta ya Kionjo

Wenzake kazini walimwita Kionjo, ingawa mpima ardhi huyu hakuwa mlafi. Kompyuta ya nyumbani kwake ilitumia mfumo endeshi wa bure, ule unaoundwa na watu wa kujitolea waliotawanyika duniani, na yeye hakuwa na subira ya kungoja toleo lililoiva. Kila toleo la majaribio lilipotoka, hata liwe na onyo kwamba lisitumiwe kwa kazi ya maana, alilipakua na kuliweka siku hiyohiyo. Mara sauti ilikataa kutoka. Mara kishale cha kipanya kilivimba kikawa kikubwa kama kiatu. Kionjo alifurahi tu, akawaandikia wahusika taarifa ya hitilafu, kisha akangoja majibu kama mtu aliyepeleka posa.

Mkewe, fundi wa mapazia, alikwisha kunawa mikono. Michoro ya wateja aliiweka kwenye simu, akamwachia mumewe dude lake.

Ambaye hakuwa na habari ni mama mkwe. Alikuja kukaa kwao wakati nyumba yake inaezekwa upya. Huyu alikuwa mtangazaji wa redio mstaafu, na mpaka leo akiomba apitishiwe chumvi, meza nzima hukaa kimya kumsikiliza. Alitakiwa kutoa hotuba ya kumuaga mtangazaji mwenzake, akaomba kompyuta ya kuiandikia.

"Itumie tu, mama," Kionjo alimwambia. "Tena una bahati, toleo la juzi ni Kiswahili kitupu."

Kesho yake wenye nyumba walikwenda kazini na watoto wao wawili wakaenda shule. Mama mkwe alikaa mbele ya kompyuta akaandika vizuri mpaka karibu na mwisho wa hotuba. Hapo kioo kikaganda, na kisanduku chekundu kikajitokeza katikati:

"Mzazi amekufa. Watoto wote watauawa sasa. Je, unakubali?"

Chini yake palikuwa na vitufe viwili: "Kubali" na "Baadaye".

Mama mkwe alirekebisha miwani akasoma tena. Hakupiga kelele, mtu aliyesoma habari za mafuriko na mapinduzi kwa sauti ileile hapigi kelele ovyo. Aliutoa mkono polepole kwenye kipanya, akampigia binti yake.

"Mumeo yuko hai?"

"Asubuhi alitoka hapa mzima. Kuna nini?"

"Hakikisha. Mimi nazungumza na shule."

Mwalimu mkuu alikuwa amekua akiisikia sauti hiyo redioni kila jioni. Ilipomwambia kwamba wajukuu wawili wasitoke ofisini kwake mpaka atakapopata taarifa zaidi, hakuuliza. Alifunga mlango kwa ufunguo. Baadaye akaona heri awapeleke nyumbani mwenyewe, kwa gari lake, madirisha yamepandishwa.

Kionjo alikuwa kiwanjani, jicho moja kwenye chombo cha kupimia, simu ilipoita.

"Baba watoto, uko hai?"

"Niko kazini."

"Sijauliza uko wapi."

"Niko hai, mama watoto."

"Basi njoo nyumbani. Kompyuta yako inataka kuua watoto."

Kionjo alicheka. Upande wa pili hakuna aliyecheka naye, hivyo akakunja miguu ya chombo chake na kuondoka.

Alipofika sebuleni aliwakuta wote. Mkewe alikuwa bado na futi ya kupimia shingoni. Watoto walikuwa wamekaa kwenye kochi, mwalimu mkuu katikati yao. Mama mkwe alikuwa kitini mbele ya kompyuta, akiilinda kama mfungwa. Kionjo aliusoma ujumbe, akauma midomo kuzuia kicheko.

"Mama, programu inayoanzisha programu nyingine huitwa mzazi. Zile nyingine ni watoto. Mzazi akikwama, mashine inaomba ruhusa iwazime watoto."

"Kuzima ndiko kuua?"

"Kwa lugha ya mafundi wa kompyuta."

"Lugha yao ipi? Hiki hapa ni Kiswahili."

Kionjo aliinama mbele ya kioo. Akashika kipanya. "Ngojeni niwaonyeshe kwamba hakuna neno." Akabonyeza "Kubali".

Mwalimu mkuu alifumba macho. Kioo kikawa cheusi, kikarudi cheupe, safi kabisa.

"Tumekufa?" aliuliza yule mtoto mdogo.

"Hapana," alisema mama yake. "Kaa vizuri."

Mama mkwe alisogeza uso karibu na kioo. "Hotuba yangu iko wapi?"

Kionjo alitafuta huku, akatafuta kule, jasho likaanza kumtoka.

"Mama," alisema mwishowe, "hotuba nayo ilikuwa mtoto."

Baada ya kula mama mkwe aliuliza ni nani aliyeandika maneno yale. Kionjo alieleza kwamba ni watu wa kujitolea, na kwamba toleo la majaribio hutolewa ili watumiaji waseme penye makosa.

"Basi tuseme."

Akatamka, Kionjo akaandika. Palipoulizwa uzito wa hitilafu, Kionjo alichagua "Mdogo". Mama mkwe alimtazama tu, naye akabadilisha ikawa "Mkubwa sana".

Jibu lilikuja upesi. Kijana mmoja wa mbali aliomba radhi: tafsiri nzima aliifanya peke yake, neno kwa neno, hana hata mtu wa kumsomea. Je, mama angekubali kuyapitia na maneno yale mengine? Mengine yalikuwa maelfu.

Mama mkwe alivuta kiti. Hotuba ya rafiki yake aliitoa bila karatasi, na waliokuwepo wanasema watu walilia. Nyumba yake ikamalizwa kuezekwa, akaenda kuitazama, akaisifu, akarudi kwa binti yake kuendelea na kazi. Kila toleo la majaribio likitoka, yeye ndiye wa kwanza kujua. "Mkwe wangu, jipya limetoka tangu asubuhi, mbona hujaniwekea?" Kionjo akiomba kompyuta hata kidogo, huambiwa asubiri, kuna sentensi haijakaa sawa.

Mwishowe Kionjo aliokota kompyuta kuukuu ofisini, akaiweka jikoni kando ya jiko, na ndani yake toleo la zamani lililokomaa. Mkewe alimkuta ameketi hapo, mikono ameikunja kifuani.

"Imeharibika?"

"Hapana. Inafanya kazi."

"Yote?"

"Yote. Sauti, kishale, kila kitu." Akashusha pumzi. "Sijui hata niwaandikie hitilafu gani."

Mkewe alimsukumia kitunguu na kisu, akamwambia akate.