Fundi Mapazia wa Ghorofa ya Tatu

Kwa miaka ishirini na sita alishona mashuka, foronya na yale mapazia marefu ya kutenganisha vitanda vya wagonjwa. Siku aliyostaafu, wenzake wa chumba cha ushonaji hospitalini walimkumbatia mmoja mmoja, wakamwambia asipotee. Hakupotea yeye, walipotea wao. Mwaka wa pili mumewe akafariki kwa ugonjwa mfupi kiasi kwamba chupa ya dawa ilibaki imejaa nusu. Binti yao, mtoto wao wa pekee, alikuwa ameolewa mbali. Alipiga simu kila Jumapili.

Mama huyo aliishi ghorofa ya tatu, mlango wa tisa. Ghorofa hiyo ilikuwa na milango mitatu iliyotazamana, na kila mmoja ulifunguliwa na kufungwa kwa saa zake. Siku moja alikohoa, akagundua kwamba ndiyo sauti ya kwanza kumtoka tangu juzi.

"Mama, si una cherehani?" binti yake alimwambia Jumapili moja. "Shona mapazia. Watu wanahamia mtaa huo kila mwezi."

"Nani atajua kama nipo?"

"Biashara matangazo."

"Kizuri chajiuza."

"Kikiwa sokoni, mama. Kikiwa ghorofa ya tatu nyuma ya mlango uliofungwa, kitajiuza kwa nani? Kwa panya?"

Mama alicheka, na kicheko kikamtoka kimekwaruza kama mlango wa stoo.

Kesho yake alichukua kipande cha ubao na rangi ya buluu, akaandika kwa herufi kubwa: FUNDI MAPAZIA. GHOROFA YA TATU. PIGA HODI WAKATI WOWOTE. Alitaka kuongeza "mlango wa tisa", lakini ubao ulikuwa umekwisha. Akasema moyoni, anayetafuta hakosi. Akauning'iniza getini, juu ya masanduku ya barua.

Watu wakaja. Wa kwanza alikuwa kijana aliyehama kwao wiki hiyo, hakujua hata upana wa dirisha lake. Akaja bi harusi mtarajiwa na shangazi yake, wakabishana rangi mpaka chai ikapoa. Fundi alijifunza kupima polepole. Angeuliza habari za madirisha, halafu za watoto, halafu za safari. Mteja akiondoka, kikombe chake kilikaa mezani hadi jioni. Hakuwa na haraka ya kukiosha.

Wiki ya pili mlango wake ulipigwa kwa ngumi. Alikuwa jirani wa mlango wa nane, nesi wa zamu za usiku, kavaa gauni la kulalia, macho mekundu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Sikaribii. Leo nimegongewa mara nne. Nne! Wa kwanza ananiuliza kama nina kitambaa cha maua. Natoka kazini saa mbili asubuhi, usiku kucha nimesimama. Nikilaza kichwa tu, hodi! Nikigeuka, hodi! Unataka niwachome wagonjwa sindano nikiwa nasinzia?"

"Nisamehe. Sikujua unalala mchana."

"Ungejuaje? Miaka miwili tunakaa ukuta kwa ukuta, hujawahi kuniuliza hata nafanya kazi gani."

Fundi alitaka kujibu kwamba na yeye hajawahi kuulizwa. Lakini nesi alikuwa amesharudi kwake na kufunga mlango, na maneno yake yakabaki pale mlangoni kama mtu aliyekataa kuondoka.

Alasiri alikuja mzee wa mlango wa saba, mwalimu mstaafu na mwenyekiti wa wapangaji, miwani kaipandisha kwenye paji la uso.

"Mimi sina ugomvi na biashara yako, bibi," alisema. "Ugomvi wangu ni na 'wakati wowote'. Jana nimetoka bafuni mbio, sabuni masikioni, nikidhani kuna msiba. Kumbe mtu anatafuta pazia la jikoni!"

"Nitauondoa ubao, Mwalimu."

"Kuishi na watu ni kazi," alisema yule mzee, bila ukali, akashuka ngazi.

Fundi alienda mwenyewe kuuondoa ubao. Akauegemeza ukutani, maandishi yakitazama ndani, akafunika cherehani kwa kitambaa. Siku nne zikapita. Aliwasikia watu wakipanda ngazi, akainua kichwa, wakapita. Jumapili binti alipouliza biashara inaendaje, alijibu inaenda.

Siku ya tano, akiwa anakunja vipande vilivyobaki, aliyarudia maneno ya nesi kama mtu anayepapasa jino bovu kwa ulimi. Ametangazia mji mzima kwamba yupo, na wa ukuta wa pili hajamwambia kitu. Alichukua karatasi akaandika: "Mwanangu, nimekukosea. Ukiamka, kwa wakati wako, nikaribishe nipime dirisha lako. Ni mimi, mlango wa tisa." Hakugonga. Aliinama, magoti yakamlia, akaisukuma karatasi chini ya mlango.

Saa kumi jioni nesi alikuja kumwita.

Chumba kilikuwa safi na kitupu. Dirishani kulipigiliwa shuka kuukuu, na pembeni maboksi yalizuia jua lisiingie, lakini liliingia vilevile na kukata kitanda katikati.

"Nalala kama mwizi," nesi alisema, "jicho moja wazi."

Fundi alivuta futi kamba. Alipogeuka kutafuta pa kuandikia vipimo, aliona juu ya sinki sahani moja, kikombe kimoja, kijiko kimoja, vimeinamishwa vikauke. Aliitambua hali ile. Kwake ilikuwa hivyohivyo.

"Nitashona jioni tu, ukiwa umeamka," alisema. "Na pazia hili ni langu kwako, usiniulize bei."

Alichagua kitambaa kizito, akakitia bitana nyeusi. Alikata vipande viwili vinavyopandana katikati, akavirefusha kila upande kwa kiganja kimoja kupita ukingo wa dirisha, kwa sababu mwanga ni kama maji, hupita penye upenyo. Siku ya tatu, nesi akiwa mapumzikoni, alipolitundika pazia, chumba kikawa giza saa tano asubuhi, na nesi akacheka gizani.

Kesho yake jioni alikuja mbio. "Mama! Nimelala mpaka nimeamka nikajiuliza kama nimekufa!"

Nesi ndiye aliyekuwa tangazo. Aliwaambia wenzake wodini, wale wakawaambia walinzi wa lango, walinzi wakawaambia waoka mikate. Fundi hakuwahi kudhani mji una watu wengi hivyo wanaolala mchana. Mwalimu naye, baada ya kushauriwa kwa heshima, aliandika kwa mwandiko wake mzuri karatasi ndogo kama kadi na kuibandika kwenye ubao wa matangazo wa chini: "Mapazia ya kuzuia mwanga. Piga simu. Fundi atakuja kwako." Akasahihisha nukta moja, akaridhika. Hakuna aliyegongewa tena. Kwenye kikao cha wapangaji alimtaja fundi kuwa mfano wa kuigwa, na watu wakampigia makofi.

Kazi ikajaa. Lakini simu zilikuwa fupi: "Futi sita kwa nne, rangi yoyote nzito." Alienda kupima nyumba ambazo wenyewe walikuwa wamelala chumba cha pili, au walikuwa kazini na kumwachia mlinzi ufunguo. Alitundika mapazia katika vyumba visivyo na mtu, akarudi nyuma kuyatazama, akajisifu mwenyewe kwa sauti ndogo. Nyumbani, kwa mazoea, alichemsha chai ya watu wawili, na jioni akamwaga nusu.

"Si biashara imeshika, mama?" binti aliuliza.

"Imeshika."

"Mbona sauti iko hivyo?"

"Nilikuwa na uzi mdomoni."

Alhamisi moja nesi alikuja kumletea vipimo vya mwenzake. Fundi aliipokea karatasi lakini hakuisoma.

"Nikwambie ukweli, mwanangu? Lile bango langu... wateja niliwataka, ndiyo. Lakini zaidi nilitaka hodi."

Nesi alivua viatu, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Na mimi nikwambie wangu," alisema. "Sasa nalala vizuri, nikiamka hakuna mtu. Zamani angalau niligombana na wateja wako." Wakacheka wote wawili, halafu wakaacha kwa pamoja. "Alhamisi sina zamu. Nitakuwa nakuja."

Alhamisi iliyofuata hakuja. Zamu ilibadilishwa, na hakupata nafasi ya kusema. Fundi alikunywa chai yake peke yake, akajiambia kwamba ahadi za wafanyakazi wa hospitali anazijua, amezisikia miaka ishirini na sita.

Alhamisi ya pili nesi alikuja akiwa amechoka, akaanza kusimulia kisa cha mgonjwa aliyekataa kuruhusiwa kwenda nyumbani kwa kuwa wodini ana wa kuzungumza naye. Hakukimaliza. Usingizi ulimchukua katikati ya sentensi, shavu juu ya rundo la kitambaa cha watu.

Fundi alikuwa na pazia la kukabidhi kesho. Hakukanyaga pedali. Alishika gurudumu la cherehani kwa mkono, akalizungusha kidogo kidogo, mshono mmoja, kisha mwingine, akisimama kila pumzi ya nesi ilipobadilika. Jua lilipokuwa linazama alikuwa hajamaliza hata upindo wa upande mmoja, na hakuharakisha.