Mafungu ya Neno Benki

Mhariri wa kamusi aliinama juu ya meza ya chakula, hajui ashike lipi aache lipi. Neno lenyewe lilikuwa bank la Kiingereza, lile tuliloliazima tukaliita benki. Nani angedhani lingemtoa mtu jasho? Kadi alizoandikia maana zake alizipanga mezani mafungu mawili: za fungu la kwanza zilisema ni nyumba ya kuwekea pesa, jina lililotokana na benchi la wabadilisha fedha wa zamani. Za fungu la pili, ukingo wa mto. Halafu kitabu kimoja kikadai kwamba benchi na ukingo ni ndugu wa tumbo moja! Basi kutwa nzima alihamisha kadi huku, akazirudisha kule, akahamisha tena, mpaka kichwa kikamzunguka. Na kesho asubuhi mkuu wake alitaka mafungu yaliyokamilika. Alishamwambia bila kupepesa macho: akichelewa tena, atafute kazi kwingine.

Akaenda kuoga. Aliporudi, meza ilikuwa tupu na kadi zote zimefungwa pamoja kwa utepe.

"Mama!" Tangu aolewe hakuwahi kumpandishia mama mkwe sauti. "Umefanya nini? Nimekwisha mimi!"

Mama mkwe alitoka jikoni akijifuta mikono. "Nimekupangia, mwanangu. Zilikuwa zimezagaa."

"Hazikuzagaa! Kila fungu lina maana yake!"

"Mbona zote ni kitu kimoja?" Mama wa watu akachomoa kadi, akaweka kidole pale juu, neno lilipoandikwa kwa herufi kubwa. "B. A. N. K. Na hii: B. A. N. K. Nimezisoma zote, peke yangu. Hakuna iliyonishinda."

Mhariri akaduwaa. Tangu mama huyu aanze darasa la watu wazima, hakuwahi kusoma chochote mbele ya mtu. Hata jina la mwanawe aliona haya kulisoma. Sasa alikuwa amesimama pale akingoja kusifiwa, na uso umeanza kumshuka.

Mhariri hakujua alie au acheke. Hasira ilikuwa bado haijamtoka, lakini akavuta kiti.

"Kaa, mama. Wewe nisomee, mimi nipange."

"B. A. N. K.," mama mkwe alisoma, kidole kikifuata herufi moja moja.

Mhariri akapokea kadi, akaiweka fungu la pili, akasita, akairudisha la kwanza.

"Na hii nayo naiweza," alisema mama mkwe, akachukua nyingine.