Zaburi Masikioni mwa Rafaqat

Unapita pale kila siku. Unaziba pua, unageuzia macho maduka ya nguo, na unajua kabisa kwamba ndani ya ile chemba ya majitaka iliyo wazi kuna mtu.

Jumatatu hii, saa tatu asubuhi, aliyekuwa ndani ni Patras Masih, wa mtaa wa nyuma ya reli, Gujranwala, Pakistan. Alikuwa na bukta, mafuta ya haradali mwilini na kamba kiunoni. Barakoa hakuna. Anayeshuka huimba zaburi. Maadamu anaimba, anapumua. Akinyamaza, aliyeshika kamba juu humvuta.

Mwezi Machi, Jumanne ya tarehe kumi na nne, kaka yake Yunas alinyamaza. Kamba alikuwa ameishika msimamizi Rafaqat, lakini masikioni alikuwa na hedifoni zisizo na waya, anasikiliza kriketi. Alimvuta baada ya robo saa. Mkandarasi aliandika kwamba marehemu aliteleza.

Tangu mazishi, kila Rafaqat akiunganisha hedifoni na simu, Yunas huanza kuimba bila kitufe kubonyezwa. Fundi wa simu alifuta programu zote, akafuta na picha za harusi. Zaburi ikabaki. Rafaqat akanunua hedifoni nyingine. Yunas akahamia huko. Kuziacha hakuweza, maana mkandarasi humpigia simu kutwa nzima. Akapunguza sauti, akazoea.

Basi Jumatatu ndugu hao waliimba pamoja, mmoja chini, mmoja masikioni. Katikati ya ubeti Yunas akanyamaza. Patras alikuwa bado anaimba. Rafaqat akavuta.

Patras alitokeza akifoka. "Sahib, si naimba? Au masikio umeyasahau kwa mkeo?"

"Kaka yako amenyamaza."

"Aa. Basi sawa."

Kisha akatapika barabarani. Alieleza kwamba kule chini harufu ilikuwa imetoweka kabisa, akadhani leo Mungu amemhurumia. Wazibuaji wote wanajua: gesi ya majitaka huua pua kwanza, kisha mtu. Akaomba upande mmoja wa hedifoni. Yunas alikuwa ameanza tena.

"Ubeti wa tatu bado anaukosea," Patras akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Mke wa Patras, Rubina, alipopata habari alikaa kwenye ngazi akalia kidogo, kisha akakanda unga wa roti za kulisha mtaa. Majirani wakaja wakala. Siku ile nyumba nzima ilipumua.

Mkandarasi naye alishusha pumzi. Aliagiza Rafaqat asivue hedifoni kazini, akafuta ombi la barakoa lililoletwa na wazibuaji, kwa kuwa mlinzi sasa yupo, tena hadai likizo.

Kesho saa tatu Patras anashuka tena. Inuka sasa hivi, ukasimame juu ya mfuniko wa chemba ya mtaa wako, na usibanduke hapo mpaka ije mashine ya kuzibua, ishuke badala ya mtu.