Kina Nzeyimana Kumi na Wanne

Kankindi alikuwa ametembea siku nzima kutoka Katogota, akalala kwa watu njiani, na asubuhi akafika Uvira na vumbi hadi magotini. Alipooneshwa benchi hakukaa. Alisimama mlangoni pa chumba cha fishi, yaani kadi za wagonjwa.

"Weye ndiye karani wa fishi?"

"Ndiyo, mama," Ildephonse akajibu.

"Basi niambie. Mume wangu Nzeyimana wamemupeleka kwa kambi ya wakoma. Muganga anasema ukoma iko mu jamaa yake. Jamaa gani? Baba yake alikufa, mama yake alikufa, ndugu hana hata mumoja. Hiyo jamaa mulimutolea wapi?"

Ildephonse alitaka kumwambia kwamba yeye si polisi, aende kwa waliomkamata. Lakini jina lile alilijua. Miezi mitatu nyuma, daktari Mbelgiji aliyesimamia kituo kile cha utafiti alikuwa amemwambia, "Nitafutie fishi zote za Nzeyimana." Ildephonse alivuta droo moja moja, akapekua kadi zilizoandikwa miaka nenda miaka rudi na waganga waliozungukia vijiji, akapata kumi na nne. Akazifunga kwa kamba na kuzipeleka. Hakuuliza ni za kazi gani. Karani mzuri haulizi. Kwa hilo alikuwa amesifiwa mbele ya wenzake, na sifa ile ilimkolea.

Akamwacha mama mlangoni, akaingia ofisini mwa daktari, ambaye alikuwa hajafika. Karatasi kubwa ilibandikwa ukutani. Juu imeandikwa: Jamaa ya Nzeyimana. Chini, watu wale kumi na wanne wameunganishwa kwa mistari ya wino: babu, watoto, wajukuu. Babu alikuwa mchungaji wa ng'ombe wa Bijombo, mgonjwa kweli wa ukoma. Mume wa Kankindi, mkulima wa pamba wa bondeni, amefanywa mwanawe. Kando ya jina lake pameandikwa: atengwe.

Ildephonse aliona giza mchana kweupe. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa Kasenga, wa huku ziwani, lakini mama yake alitoka bonde la Ruzizi, na Kirundi alikinyonya pamoja na maziwa. Nzeyimana si jina la ukoo. Ni neno la mzazi aliyepata mtoto akasema, namtumaini Mungu. Mtoto wa yeyote huweza kupewa, na ndugu yake wa tumbo moja akaitwa jina jingine kabisa. Hata jiwe la bondeni lingejua hivyo.

Daktari alipoingia alimkuta bado amesimama pale.

"Bwana Dokta, watu hawa si ndugu."

"Wana jina moja."

"Jina ni moja, watu ni mbalimbali. Huku baba hamuachii mutoto jina lake."

Daktari akatabasamu, kama anayemsikia mtoto akikosea hesabu. "Ildephonse, minye nafanya kazi na vilivyoandikwa. Nioneshe kwa karatasi kwamba baba zao ni tofauti."

Ildephonse akafungua kamba, akazitandaza kadi mezani. Kadi kumi na nne, na katika zote mahali pa jina la baba palikuwa patupu.

"Unaona?" daktari akasema. "Hakuna kinachokataa."

"Hakuna kitu kwa sababu hakuna aliyeuliza! Watu walipangwa mustari kama mbuzi, wakatazamwa ngozi, wakafukuzwa!"

Sauti yake ilifika hadi uani. Daktari akamwambia arudi kazini kabla hajasahau mahali pake.

Hakurudi. Alimpeleka Kankindi kwao Kasenga, kwa dada yake Léocadie, apumzike, njiani akamweleza kwamba kadi zile alizifunga kamba yeye mwenyewe, akachukua baiskeli na daftari, akaenda kuuliza swali ambalo wenye kalamu hawakuliuliza. Siku tisa alizunguka. Bondeni aliwapata watano. Kasenga, hatua mia mbili kutoka kwake, alimpata Nzeyimana mwanamke, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, ambaye mchoro ulimfanya mwana wa kiume. "Minye?" mama yule akafoka. "Mutoto wa muchungaji wa Bijombo? Baba yangu alikufa mu ziwa hili, na huko milimani sijafika hata siku moja!" Bijombo kwenyewe alipanda kwa miguu, baiskeli haifai kule. Mzee mchungaji alimpokea mbali na nyumba, vidole vyake vimekwisha. Alimtajia baba yake, babu yake na baba wa babu. Kisha akauliza, "Hao watoto wangu wa bondeni, ni nani? Minye sikuzaa."

Watatu walikuwa wamekufa. Majirani walitaja baba zao. Wengine watatu hakuwaona. Mume wa Kankindi alikuwa kambini, lakini jina la baba yake mke alilitoa bila kufikiri. Mababa kumi na mmoja, hakuna aliyefanana na mwenzake.

Alimwekea daktari daftari mezani, likiwa wazi. Daktari akasoma hadi mwisho. Masikio yakamwiva. Akavuta karatasi, akaandika barua ya kumtoa mkulima wa Katogota kambini, akapiga muhuri.

"Na huu mchoro?" Ildephonse akauliza.

"Nakala yake imekwisha kutumwa Ulaya pamoja na ripoti."

"Basi tuma barua ingine. Sema ulikosea."

"Ni jambo dogo. Utafiti unabaki."

Ildephonse akaenda ukutani, akaung'oa ule mchoro pamoja na misumari yake, akauchana mbele ya macho ya daktari, mara mbili, mara nne, hadi vidole vikauma. Kabla ya saa sita alikuwa amefukuzwa kazi.

Nzeyimana alirudi Katogota baada ya wiki sita. Pamba yake ilikuwa imeliwa na wadudu, na hilo halikuwa baya kuliko yote. Ildephonse alipokwenda kumwamkia, aliwakuta wanaume wameketi kuzunguka mtungi wa pombe ya ndizi, mirija mdomoni, na Nzeyimana amewekwa pembeni na kibuyu chake peke yake. Ngozi yake ilikuwa safi. Kovu la moto tu mkononi.

Ildephonse akapita katikati yao, akaketi karibu naye, akauchukua mrija kutoka mdomoni mwake, akanywa mpaka kibuyu kikalia. Mwanamume mmoja akaangalia chini. Mwingine, Habonimana, akasogeza kigoda chake mbali zaidi.

"Unaona?" Kankindi akasema kutoka mlangoni, na sauti yake ilikuwa ngumu. "Dokta alimuandikia barua ya kutoka. Hawa, nani atawaandikia?" Akamtazama karani. "Na weye usiseme pole. Weye ndiye ulifunga kamba."

Ildephonse hakusema pole. Aliomba kibuyu kijazwe tena.