Mheshimiwa Amejitahidi Sana

Mhadhiri wetu tulimpachika jina la Nukta, kwa sababu nukta moja ikikaa pasipo pake anakurudishia kazi yote. Mimi alikuwa amenirudishia mara mbili. Kazi yenyewe inaitwa marejeo yenye maelezo: unaorodhesha vitabu na makala za utafiti wako, na chini ya kila kimoja unaeleza kinasema nini na kina ubora au udhaifu gani. Ukisikia hivyo unadhani ni mchezo. Thubutu!

Mara ya kwanza niliorodhesha vitabu vitupu. Mara ya pili nikaweka maelezo, Nukta akanitazama juu ya miwani.

"Umesifu tu," akasema. "Kila mwandishi kwako ni malaika. Nataka uwapime, dada, si uwapambe. Umebakiwa na nafasi moja. Ijumaa saa kumi jioni nafunga mlango huu, na asiye na marejeo yaliyokubaliwa jina lake linaondolewa chuoni."

Kuondolewa! Shule ninayofundisha ilishaniambia nisipoleta cheti nisirudi. Mtoto ninaye, na baba yake aliingia mitini kabla hajaota jino. Maji yalinifika shingoni, basi nikasoma. Haki ya Mungu nilisoma. Utafiti wangu unahusu jinsi watoto wanavyojifunza kusoma, na nilikisoma kila kitabu huku mwanangu ananivuta nywele. Nikawapima hao waandishi bila huruma: huyu hoja yake dhaifu, yule mifano yake imepitwa na wakati, mwingine amechunguza watoto wa darasa moja halafu anaongea kama amechunguza dunia nzima. Nilijiona hakimu.

Nilipomaliza kuandika kwa mkono, kompyuta yangu ikazimika na haikuwaka tena. Nikalia pale pale mezani.

"Lete hapa," mama akasema.

Mama alikuwa katibu muhtasi mpaka alipostaafu, na taipureta aliyoagwa nayo inakaa sebuleni imefunikwa kitambaa kama bibi harusi. "Nimewachapia wakubwa watatu na wote wakapanda vyeo," akasema. "Nitashindwa kukuchapia wewe mwanangu?" Vidole vyake siku hizi vinavimba kwenye viungo. Nilimwambia aache. Akanifukuza niende chumbani, na siku nzima nikasikia ta-ta-ta, kimya, ta-ta-ta.

Ijumaa baada ya chakula cha mchana akanikabidhi bahasha iliyofungwa kwa gundi.

"Mama jamani, gundi ya nini?"

"Karatasi haziendi kwa mkubwa zikiwa wazi. Kimbia!"

Nikakimbia. Nje ya ofisi ya Nukta kulikuwa na benchi limejaa wenzangu, kila mmoja roho mkononi. Nilipopata pa kukaa nikachana bahasha, nijipe moyo tu. Kurasa zilikuwa safi mno, pembe zote sawasawa. Nikasoma kitabu cha kwanza kwenye orodha. Baada ya jina la mtu, palepale nilipoandika Mh., palikuwa pamechapwa kwa herufi kubwa: MHESHIMIWA.

Nikashuka chini. Palipokuwa na Wah. pakawa na WAHESHIMIWA.

Sisi wa vitabu tukiandika Mh. tunamaanisha mhariri, na Wah. ni wahariri. Lakini mama, maisha yake yote ya ofisini, Mh. alikuwa mmoja tu, na huyo watu husimama akiingia. Nilicheka, hata jirani yangu akanigusa bega kuniuliza kuna nini. Kisha nikasoma maelezo yenyewe. Mimi niliandika: "Hoja ya Mh. ni dhaifu na haina ushahidi." Mama alichapa: "Mheshimiwa amejitahidi sana."

Nikageuza ukurasa. Mheshimiwa amejitahidi sana. Nikageuza mwingine. Waheshimiwa wamejitahidi sana, tunawashukuru. Alipoanza hakuacha, hata waandishi wa kawaida, wasio na Mh. wala nini, wote aliwapa heshima zao. Hakimu wa watu nimegeuzwa mshereheshaji!

Ilikuwa imebaki robo saa. Nakala yangu ya mkono ilikuwa nyumbani, ng'ambo ya mji, na mlangoni palibandikwa tangazo: kazi yenye mikwaruzo haipokelewi. Nikampigia mama simu nikiwa na moto kifuani, maneno yote yamejipanga.

"Ameipenda?" mama akadakia kabla sijafungua kinywa.

"Bado, mama. Niko kwenye foleni."

"Haya. Usimkatize akisoma."

Nikakata simu. Nikapiga moyo konde, nikaingia.

Nukta alisoma mpaka mwisho. Alisoma polepole, na mimi nilitamani ardhi ipasuke. Nilieleza yote: kompyuta, taipureta, Mh. Nilisema nitamkariria kila kitabu hapo hapo, aniulize chochote. Nilimwomba mpaka Jumatatu. Sauti yangu niliisikia ikilia kama ya mtoto, na sikuona haya.

"Nimeshawakatalia wengine leo, wenye sababu nzuri kuliko yako," akasema. "Nani amechapa?"

"Mama yangu."

Akazipanga kurasa, akazirudisha ndani ya bahasha taratibu. "Mwambie ana adabu sana," akasema. "Bahati mbaya, chuo hiki hakitoi cheti cha adabu." Akatazama saa, akainuka kwenda kufunga mlango.

Njia nzima niliyapanga maneno ya kumwambia. Nani alikutuma? Kwani wewe ndiye unayesoma? Umenimaliza, mama, umenimaliza! Niliyasema kwa sauti barabarani, watu wakanipisha.

Nikafungua mlango. Mama alikuwa amekaa, mwanangu amelala miguuni pake, mikono yake miwili ameitumbukiza kwenye beseni la maji ya moto. Vidole vilikuwa vyekundu, vimevimba vyote.

"Amesemaje?" akauliza.

Nikaificha bahasha mgongoni.

"Amesema una adabu sana."

Uso wake ukachanua. "Si nilijua! Mtu hamfupishii mheshimiwa cheo chake." Akatoa mkono majini, akaukung'uta. "Sasa hiyo kazi kubwa yenyewe ya utafiti ukishaiandika, niletee. Usipeleke kwa watu wa mitaani wakakuharibia."

"Sawa, mama," nikasema, nikaenda kumwongezea maji ya moto.