Mwenye Shimo

Sostenes alikuwa amepindua baiskeli nje ya nyumba yake pale Ibandamila, anaziba pancha, king'ora cha mgodi kilipolia. Mkewe Paskazia alibeba ungo wa mchele akaingia nao ndani, akamwita mumewe amfuate. Sostenes akajibu kwamba anamalizia kubandika kiraka. Mlipuko ukaja, ukuta ukatikisika, na jiwe la ukubwa wa kichwa cha ndama likatua shingoni mwake. Paskazia alipotoka, gurudumu la baiskeli lilikuwa bado linazunguka. Mumewe alikuwa ameshakufa.

Mgodi wenyewe ulikuwa umefungwa tangu mwaka juzi. Mitambo ilipakiwa kwenye malori ikapelekwa Isaka, ghala la baruti likabomolewa, watu wakagawana mabati. Hata nguzo ya king'ora ilikatwa ikajengewa zizi. Lakini kila alasiri, wakati uleule wa kulipua, king'ora kililia, shimo likalipuka na mawe yakaruka hadi kijijini. Hakukuwa na mtu kule chini wala baruti. Watu walishazoea. Akina mama waliwaita watoto ndani kama mvua inapokaribia, na wenye nafasi walipandisha viroba vya mchanga juu ya paa. Mawe yaliua mbuzi wa Philomena zizini. Yalivunja taya la binti mmoja aliyekuwa anasuka nywele barazani.

Paskazia alitaka kujua jiwe lililomuua mumewe ni la nani. Baada ya mazishi alilibeba hadi ofisi ya kijiji, akaliweka juu ya meza ya mtendaji, Charles. Lilikuwa bado na damu.

"Ng'ombe akiingia shambani kwangu, naambiwa mwenye ng'ombe ni fulani," alisema. "Na hili naomba niambiwe mwenyewe."

Charles alilitazama jiwe, akakiri kwamba ni haki yake kuuliza. Akapiga simu mjini. Baada ya muda alikuja afisa anayeshughulikia ufungaji wa migodi, mwanamke mpole aitwaye Rhoda, na kijiji kizima kikakusanyika kwenye uwanja wa shule.

Rhoda alieleza bila kuficha. Anayechimba hutakiwa kuweka dhamana kabla ya kuchimba, ili akiondoka shimo lifukiwe na ardhi ipone. Kampuni ya kwanza ilikuwa kubwa na tajiri, kwa hiyo iliruhusiwa kuweka ahadi badala ya fedha. Dhahabu ilipoanza kwisha, iliuza mgodi kwa kampuni ndogo, na ahadi ikaenda pamoja na mgodi. Kampuni ndogo nayo ilimalizia dhahabu iliyobaki, ikauza kwa kampuni ya tatu, ambayo haina ofisi, haina gari, haina chochote isipokuwa shimo.

"Sasa hiyo ya tatu ni ya nani?" Paskazia aliuliza.

"Mmiliki ni mmoja tu," Rhoda alisema. "Ni Stanslaus Maige."

Watu waligeuka. Stanslaus alikuwa amekaa nyuma, amevaa sare yake ya ulinzi. Aliachwa kulinda geti la mgodi, na alikuwa bado analilinda ingawa geti lenyewe lilishaibiwa. Alisimama taratibu, kofia mkononi.

"Nilisaini," alisema. "Waliniambia ni karatasi ya kuendelea na kazi. Wakanipa na koti la mvua."

Paskazia ndiye aliyeokota jiwe la kwanza. Lilimpasua Stanslaus juu ya jicho, na kabla hajafuta damu, wanaume wawili walishamlaza chini. Mwenye fimbo alipiga kwa fimbo, mwenye kiatu alipiga kwa kiatu. Mkono wake ulivunjika kwa sauti iliyosikika hadi madarasani. Philomena, ambaye mbuzi wake walikufa, alimpiga kwa mguu wa kiti kilichoazimwa shuleni. Rhoda aliingia kwenye gari akapandisha kioo.

Kisha king'ora kikalia. Watu walimwachia, wakakimbilia ndani ya madarasa. Stanslaus hakuweza kunyanyuka. Mawe yalipanda juu ya mgodi kama kawaida, yakapita juu ya nyumba zote bila kugusa hata moja, yakashukia uwanjani pale alipolala. Moja lilimponda mguu. Mengine yalimzunguka.

Vumbi lilipotua, Rhoda alishusha kioo. "Basi mwenyewe amepatikana," alimwambia Charles, akamwomba dereva waondoke kabla barabara haijawa na giza.

Tangu siku ile mawe yalimfuata Stanslaus peke yake. Walimpeleka zahanati, na alasiri paa la zahanati likatobolewa na muuguzi akavunjika bega. Walimrudisha kwake, na nyumba ikaanguka. Ndipo kijiji kikakaa tena, bila hasira, na Charles akamweleza walichokubaliana.

"Mzee, tunaomba kila mtu akae na mali yake."

Stanslaus alisema ameelewa. Kila mchana alishuka kwa mkongojo ile barabara ya malori inayozunguka kuta za shimo, akakaa chini kabisa, kando ya maji ya kijani ambayo hayanyweki. King'ora kililia, mawe yakaruka juu hadi yakaonekana kutoka kijijini, yakarudi palepale yalipotoka. Alipoacha kulia, watu walijua yamekwisha.

Kijiji kilipona haraka. Viroba vya mchanga vilishushwa. Watoto walicheza mpira alasiri. Paskazia alikandika upya ukuta wa nyumba, akalala usingizi mzito kwa mara ya kwanza tangu awe mjane, na asubuhi aliona aibu kwa jinsi alivyolala vizuri. Akachemsha maji, akachana kanga yake ya zamani vipande vipande, akaenda shimoni kwa Stanslaus.

"Shikamoo, Baba Blessing."

"Marahaba, mayu, mama yangu. Karibu."

Alimsafisha kichwa, akamfunga mbavu. Kulikuwa na jeraha jipya juu ya kila la zamani, isipokuwa lile la juu ya jicho.

"Siku ile ulilenga vizuri," Stanslaus alisema.

"Nilikuwa karibu."

"Sina kinyongo. Sostenes alikuwa rafiki yangu." Aliinua mkono mzima ili Paskazia akaze fundo. "Walisema ni ya kuendelea na kazi. Na kweli, kazi imeendelea."

Paskazia alienda kila siku, akiondoka kabla ya king'ora. Siku moja alimkuta amekaa vilevile, macho wazi, kifua kimebonyea. Aliita watu, wakampandisha kwa machela.

Binti wa Stanslaus, Blessing, alikuja kutoka Isaka, anakouzia chakula madereva wa malori. Alikuwa na mtoto wa kike mgongoni, Salome, ambaye hajaota meno. Walikuwa bado wanafukia kaburi king'ora kilipolia. Jiwe la kwanza lilianguka karibu na miguu ya Blessing. La pili lilimkwangua bega. Waombolezaji walisogea mbali naye, wakamwachia nafasi.

"Nimesaini nini mimi?" aliuliza.

"Urithi hausainiwi," Charles alisema kwa upole. Alimpigia Rhoda kuhakikisha, na Rhoda akasema ndivyo ilivyo.

Blessing alipanda basi kurudi kwake. Karibu na Kagongwa mawe yalipasua vioo, na abiria aliyekaa kiti cha nyuma yake akapoteza jicho. Kondakta alimshusha, akamshushia na begi lake, akamrudishia nauli ya kipande kilichobaki. Alirudi Ibandamila kwa miguu, akalala porini, mawe yakimfikia hukohuko.

Mwezi huohuo kampuni ya kwanza ilianza kuchimba kilima kingine, upande wa magharibi. Iliweka ahadi kama dhamana, na kwa kuwa ni kubwa na tajiri, ilikubaliwa.

Blessing alifika kwa Paskazia akiwa amefungwa kitambaa kichwani. Alimfungua mtoto mgongoni, akamkabidhi.

"Nionyeshe anapokaa mwenye mali, shangazi."

Paskazia alimsindikiza hadi ukingoni, akamwonyesha barabara ya malori. Blessing alishuka bila kugeuka nyuma. Paskazia alirudi nyumbani, akakoroga uji, akampakata Salome mlangoni. King'ora kililia, ardhi ikatikisika, na kutoka shimoni ikasikika sauti ya mwanamke. Mtoto hakushtuka. Kijiwe kidogo, kama punje ya mtama, kilidondoka kutoka angani ndani ya bakuli lake.

Paskazia alikitoa kwa kijiko, akaendelea kumlisha.